Rpath: anwani ya maktaba ndani ya programu

Rpath ni njia ya folda inayoandikwa ndani ya programu wakati wa kuikompaili, ili ikianza kazi ijulikane maktaba zake (faili za msimbo ambazo programu huazima) zitafutwe wapi. Huhitajika maktaba zikikaa nje ya /usr/lib na folda nyingine za kawaida. Mwanafunzi wa Dodoma aliyepewa akaunti ya seva bila ruhusa ya msimamizi hana budi kuweka kila kitu kwenye folda yake, tuseme $HOME/zana.

Chukua programu ya kubadili koodineti za viwanja. Mstari wa longitudo 36 Mashariki unapita mashariki mwa mji wa Dodoma, hivyo mji uko kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa koodineti unaogawa dunia kwa kanda) na Kongwa iko kanda ya 37. Hesabu hizo hufanywa na maktaba ya PROJ:

gcc ramani.c -I$HOME/zana/include -L$HOME/zana/lib -lproj -o ramani

Inakubali. Ukiiendesha:

error while loading shared libraries: libproj.so.25: cannot open shared object file

Wengi hapa hurudi kuhangaika na -L, na huko ni kupoteza muda. -I huonyesha zilipo faili za heda, -L huonyesha maktaba kwa linka (inayounganisha msimbo wako na maktaba wakati wa kukompaili), basi. Anayetafuta maktaba programu inapoanza ni ld.so, kipakiaji cha Linux, naye hajui lolote kuhusu amri yako ya gcc. Ongeza:

-Wl,-rpath,$HOME/zana/lib

Andika $HOME, usiandike ~, maana shell (inayosoma amri unazoandika) haitaifungua ikiwa katikati ya neno. Kisha endesha readelf -d ramani, inayoonyesha yaliyoandikwa ndani ya programu. Lazima uone mstari wa RPATH au RUNPATH, aina mbili za rpath.

Kigumu zaidi ni hiki. Linka nyingi za Linux siku hizi huandika RUNPATH, nayo huhudumia tu maktaba ambazo programu inaziita moja kwa moja. PROJ inategemea SQLite, maktaba ya hifadhidata. Kama SQLite nayo umeiweka $HOME/zana, RUNPATH ya ramani haitaifikia. Libproj inahitaji ya kwake. Seva ikiwa na SQLite ya zamani, hiyo ndiyo itakayochukuliwa kimyakimya, kwa hiyo endesha ldd ramani, inayoorodhesha maktaba zinazopatikana na zilipo, uisome mstari kwa mstari. PROJ hujengwa kwa zana iitwayo CMake, ambayo hufuta rpath wakati wa kusakinisha usipoipa -DCMAKE_INSTALL_RPATH=$HOME/zana/lib. Kwenye Rocky Linux folda inaweza kuwa lib64.

LD_LIBRARY_PATH, kigeu cha mazingira kinachompa ld.so folda za kutafuta, inafaa kwa majaribio. Ukiiweka kwenye .bashrc itagusa kila programu unayoendesha, hata zile zilizotarajia SQLite ya mfumo.

Ukitaka kuhamisha folda nzima kwenda mashine nyingine, weka programu kwenye bin na utumie -Wl,-rpath,'$ORIGIN/../lib', ambapo $ORIGIN ni folda ilipo programu yenyewe. Alama za nukuu ni za lazima: bila hizo shell itaifuta $ORIGIN kabla gcc haijaiona.