Ufuasi wa dawa za VVU kwa vijana: maana yake

Ufuasi wa dawa ni hali ya mtu anayeishi na VVU kumeza dawa za kufubaza virusi kwa kipimo alichoandikiwa, kila siku na kwa wakati uliopangwa, kwa makubaliano kati yake na mhudumu wake wa afya. Makubaliano hayo ndiyo kiini cha jambo, kwa kuwa kijana anayemeza kidonge kwa kumwogopa shangazi yake tu atakiacha siku atakapokwenda kukaa mbali naye.

Dawa hizi haziondoi virusi vyote mwilini, bali huvizuia visizaliane. Dozi zikirukwa mara kwa mara, kiwango cha dawa katika damu hushuka, virusi huzaliana upya, na baadhi yao huweza kubadilika hata dawa ile ile isivizuie tena. Huo ndio usugu.

Nchini Uganda wengi humeza TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni jambo jepesi kulisema, lakini sekondari nyingi za huko ni za bweni, na kopo la vidonge hulia ndani ya sanduku la bati kila linapofunguliwa. Wapo wanaovihamishia vidonge kwenye karatasi ili visisikike, na wapo wanaoruka dozi kwa sababu wenzao bado hawajalala. Kumkaripia kijana wa namna hiyo kliniki ni kumwonea. Anachohitaji ni muuguzi au matroni mmoja anayeijua hali yake kwa ridhaa yake mwenyewe, na mahali pa siri pa kutunzia dawa. Mpango wa Wizara ya Afya uitwao YAPS huwatumia vijana wanaoishi na VVU, waliopewa mafunzo, kuwasaidia wenzao, na naona hilo ni sahihi kabisa, maana kijana humweleza mwenzake asiyoweza kumweleza daktari.

Anayesahau dozi aimeze mara akumbukapo, bila kumeza mbili kwa pamoja ili kufidia. Hesabu ya vidonge vilivyobaki haitoshi kuthibitisha ufuasi, kwani kijana mwenye hofu huweza kuvitupa kabla ya siku ya kliniki. Kipimo cha wingi wa virusi katika damu ndicho cha kutegemewa zaidi, na kikionyesha virusi vingi, swali la kwanza liwe ni nini kinachomzuia kumeza.