Je, wajua kwa nini kamba hapimwi kama ng'ombe?

Mfugaji wa Tabora akiona ng'ombe wanatupa mimba, daktari wa mifugo huvuta damu, akaiacha igande, kisha akachukua tone la majimaji ya juu na kulichanganya na tone la dawa ya rangi ya waridi kwenye kigae cheupe. Anakitikisa dakika 4. Zikijitokeza chembechembe kama maziwa yaliyokatika, huenda ng'ombe huyo amewahi kukutana na brusela, bakteria anayesababisha kutupa mimba, au alichanjwa. Kipimo hicho hakimwoni bakteria hata mmoja. Kinaona kingamwili, silaha ambazo mwili ulizitengeneza dhidi yake na ambazo hukaa kwenye damu kwa muda mrefu.

Kamba wanaofugwa kwenye mabwawa ya maji chumvi huko pwani hawana kingamwili kabisa. Hujikinga kwa njia nyingine, ila hawaachi alama ya namna hiyo ya kusomwa maabara. Ndiyo sababu pia kamba hachanjwi kama kuku anavyochanjwa mdondo. Basi anayempima kamba hana budi kumkamata mdudu mwenyewe, na ili amkamate ni lazima ajue amejificha kwenye kiungo gani.

Hapo ndipo wengi huharibu. Chukua ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na virusi. Ulizuka Asia ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukafika Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka uliofuata, na unaweza kumaliza bwawa zima ndani ya siku 3 hadi 10. Virusi hivyo hupenda matamvua, ngozi iliyo chini ya gamba na vijiguu vya kuogelea. Kwenye seli za tezi ya kusagia chakula, ile ambayo wafugaji huiita ini, havizaliani. Ukikata ini ukalipeleka maabara, unaweza kuletewa jibu safi la kamba anayekufa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kanuni yake ni kinyume. Bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus hukaa tumboni mwa kamba, akamwaga sumu inayobomoa ini. Vifaranga huanza kufa mapema, mara nyingi ndani ya siku 35 za mwanzo bwawani. Huyu mtafute tumboni na kwenye ini, matamvua hayatakusaidia. Tena kumpata bakteria peke yake hakutoshi, maana ndugu zake wasio na sumu wamejaa baharini. Maabara hutafuta jeni za sumu yenyewe.

Macho mfugaji anayo, na ayatumie. Bandua gamba la kichwani, kwangua nyama iliyoganda kwa ndani, uliinue kwenye mwanga: madoa ya milimita 0.5 hadi 2 yanatia shaka. Ini lililosinyaa, lililopauka, lenye michirizi myeusi na lisilopondeka kirahisi kati ya vidole linaelekeza kwenye ile sumu. Lakini madoa huweza kuletwa na mambo mengine, na kamba mwenye virusi anaweza kuwa hana doa hata moja. Kwa hiyo jicho hushuku tu. Kuthibitisha ni kazi ya PCR, kipimo cha maabara kinachonakili vinasaba vya mdudu hadi vionekane.

Bwawa likiumwa, okota kamba 5 hadi 10 wanaozimia. Waliokwisha kufa waache, kwa sababu huoza upesi. Kwa vifaranga wanaoonekana wazima, watu huchukua 150 kutoka pembe mbalimbali za tangi: ikiwa 2 katika kila 100 wameambukizwa, idadi hiyo inakupa uhakika wa asilimia 95 wa kumnasa angalau mmoja. Waliokua kidogo watolewe macho, kwani yana kitu kinachozuia kipimo kufanya kazi. Weka sehemu 1 ya nyama kwa sehemu 10 za ethanoli ya asilimia 95. Formalini huharibu vinasaba, na gongo, samahani, haina nguvu ya kutosha.

Mashine ya PCR hupasha sampuli hadi nyuzi 95, ikashusha hadi karibu 60, ikapandisha hadi 72, kisha ikarudia. Kila mzunguko unakaribia kuongeza kipande kinachotafutwa mara mbili, hivyo baada ya mizunguko 30 kimoja huwa kama bilioni moja. Sampuli inayowaka, yaani inayotoa mwanga wa kuonyesha kuwa kipande kimeongezeka, kwenye mzunguko wa 20 ina virusi takriban mara 1,000 ya inayosubiri hadi wa 30. Ukipewa jibu la "hakuna", uliza kama jeni ya kamba mwenyewe ilionekana kwenye kipimo hichohicho. Kama haikuonekana, kipimo kilikwama na jibu hilo halina maana.

Mwenye bwawa la sato Kigoma au Tabora asidhani haya hayamhusu. Samaki ana kingamwili, lakini virusi vya sato vinavyoitwa TiLV navyo hutafutwa kwa PCR, kwenye ini na ubongo. Vinasaba vyake ni vya RNA, ambayo huvunjika upesi kuliko DNA, aina nyingine ya vinasaba, kwa hiyo kipande kikatwe samaki akiwa bado anapumua na kiingie kwenye ethanoli papo hapo, palepale ukingoni mwa bwawa.