Manjano kwenye tundu la jino: maabara inasema nini kweli

Siku hizi mtu anakuja kliniki ana tundu kwenye gego kalijaza unga wa manjano na mafuta ya nazi, ukimuuliza anakwambia dokta si nyie wenyewe wataalamu mmesema manjano yanaotesha jino? Sasa mimi asubuhi natibu meno, mchana nipo maabara, acha nieleze hiyo habari ilikotoka maana haikuokotwa hewani, kuna ukweli ndani yake ila umekatwa mkia.

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, tunaiita kiini, hiyo ndo inakunyima usingizi saa nane usiku. Mwaka 2000 watafiti waliokuwa Marekani, akina Stan Gronthos na Songtao Shi, walionyesha kwamba kwenye kiini cha jino la mtu mzima kuna seli shina, yani seli ambazo bado hazijachagua kazi, halafu 2003 Shi na wenzake wakazikuta hata kwenye meno ya utoto yanayong'oka yenyewe, yale sisi tulikuwa tunarusha juu ya paa. Kazi yake ni kama fundi wa akiba: seli zinazojenga dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya ganda la nje na inayozunguka kiini, zikiuawa na uozo, hizi zinasogea, zinajifunza kazi na kujenga ukuta mpya kwa ndani. Enameli, lile ganda gumu la nje, hilo sahau, seli zake zinapotea jino likishachomoza na hakuna mmea wa kuzirudisha.

Sasa maabara tunafanyaje. Tunachukua gego la mwisho lililong'olewa kwa sababu zake nyingine, mwenyewe akiwa ameridhia, tunalipasua, tunatoa kiini, tunakilainisha kwa vimeng'enya mpaka seli ziachiane, tunazilea kwenye sahani kwa joto la nyuzi 37. Baadae zinawekewa kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake, kwa dozi tofauti tofauti, na baada ya wiki kama tatu tunamwaga rangi ya alizarini ambayo inang'ang'ania madini ya kalsiamu. Sahani ikiwa nyekundu sana maana yake seli zimeanza kujenga kitu kigumu. Na kweli, kuna tafiti ambazo dozi ndogo ya kurkumini ilizisukuma seli kuelekea kujenga madini, lakini ukipandisha dozi seli zilezile zinaacha kugawanyika na zinakufa. Kitu kimoja, sahani mbili, majibu mawili kinyume kabisa.

Na dozi ndogo ni ndogo kweli jamani. Maikromola moja, ndo kipimo tunachopimia dozi maabara, ya kurkumini ni kama miligramu 0.37 kwenye lita nzima ya maji. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3, kijiko kimoja cha chai tuseme gramu 3, hapo una miligramu 90, kwa hesabu hiyo kijiko kimoja kinatosha pipa la lita 200 na kitabaki. Wewe umekishindilia kwenye tundu lisilofika ukubwa wa punje ya mchele! Tena kurkumini haiyeyuki kwenye maji, sisi tunaiyeyusha kwanza kwa kemikali maalum, kwa hiyo unga wako hauziponyi seli wala haufiki zilipo, unakaa tu pale na mabaki ya ugali na bakteria wake.

Wengine wanasema basi nitakunywa. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, kwenye damu haikuonekana au ilionekana kidogo mno, ikapanda mara 20 walipoongeza kemikali ya pilipili manga, ila mara 20 ya karibu sifuri ni ngapi? Halafu kurkumini yenyewe ina tabia ya kudanganya vipimo, inavunjika haraka na inang'aa yenyewe kwenye mashine, wanakemia waliandika wazi 2017 kwamba matokeo yake mengi yasomwe kwa tahadhari. Mimi bado naifuatilia, inanivutia, labda siku moja itafungwa kwenye dawa inayoachia kidogo kidogo juu ya kiini, lakini hiyo sio manjano ya dukani.

Kingine kinachoniudhi kidogo, manjano yanapaka rangi dentini. Nikisafisha jino mimi natazama rangi na ulaini kujua uozo umeishia wapi, sasa kila kitu kikiwa cha njano nafanya kazi kwa kupapasa.

Karafuu nayo, najua watu wa Unguja na Pemba mtaniuliza. Mafuta yake yana kemikali inaitwa yujino, inatuliza maumivu kweli na sisi wenyewe tunaitumia ikiwa imechanganywa na oksidi ya zinki kwenye dawa ya kuzibia ya muda. Ila hatuiweki kamwe juu ya kiini kilicho wazi kwa sababu inaziua hizohizo seli. Kama umeshadondoshea mafuta ya karafuu kwenye tundu, ukifika kwa daktari mwambie mapema, usione aibu, maana yujino inazuia ule ujazo wa rangi ya jino usigande vizuri, na ukinyamaza utarudi wiki ijayo na jino lilelile.