Je, wajua kosplei haikuanzia Japani?

Kwenye tamasha la vibonzo kama NAICCON jijini Nairobi, hutakosa vijana waliojivika sura za wahusika wa katuni za Kijapani: wigi za zambarau, panga za maboksi, majoho yanayoburuza chini. Mchezo huo huitwa kosplei. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ulizaliwa Japani, na nikawaeleza wengine hivyo. Jina lenyewe ni la Kijapani na wahusika wengi ni wa huko, sikuona la kuuliza zaidi. Nilikosea, tena mara mbili.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo lililonipoteza. Kijapani, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti zirundikane bila irabu. Neno la Kiingereza la vazi, costume, lilipoingia huko likawa kosuchumu, na lile la mchezo, play, likawa purei. Yakiunganishwa yanakuwa marefu mno, basi Wajapani wakachukua mwanzo wa kila moja: kosu na pure, likapatikana kosupure. Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo. Chakula cha jioni tukakikata kikawa chajio, cha mchana kikawa chamcha. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zikakatwa na kuungwa, ikapatikana Tanzania. Sasa, anayesikia neno chajio hawezi kudhani kwamba kabla yake watu walilala njaa. Chakula kilikuwepo, ni jina tu lililofupishwa. Umri wa neno si umri wa kitu, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Aliyelikata neno hilo ni mwandishi Nobuyuki Takahashi, katika toleo la Juni 1983 la jarida la My Anime. Husimuliwa sana kwamba alilibuni baada ya kwenda Los Angeles mwaka 1984 na kuwaona mashabiki wa Kimarekani wakiwa wamejipamba. Hadithi hiyo ni tamu, lakini tarehe zinaikataa: jarida lilitangulia safari kwa mwaka mzima.

Lililo hakika ni kwamba Wamarekani walikuwa wakijipamba hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Mwezi Julai 1939, New York ilipokuwa na Maonyesho ya Dunia yaliyobeba kaulimbiu ya Ulimwengu wa Kesho, mashabiki wapatao 200 wa hadithi za kisayansi walikusanyika jijini humo kwa mkutano wao wa kwanza wa dunia. Wawili walitoka Los Angeles kwa treni. Mmoja alikuwa Forrest J Ackerman, kijana wa miaka 22, aliyetinga joho la kijani na suruali pana kama mtu wa karne zijazo. Alisimulia baadaye kwamba alidhani kila mtu angekuja amevaa hivyo. Wakajikuta ni wao wawili tu, na barabarani watoto wakawapigia kelele wakiwaita Flash Gordon na Buck Rogers, mashujaa wa vibonzo vya safari za anga.

Kosa langu la pili lilianzia hapo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimtaja Ackerman kuwa mwanzilishi, maana picha zake ndizo zinazozunguka. Lakini nguo hazijishoni. Aliyezibuni na kuzishona zote mbili, ya Ackerman na yake mwenyewe, ni mwenzake wa safari, Myrtle R. Douglas. Alizitoa kwenye michoro ya Frank R. Paul, mchoraji wa majarida ya hadithi za kisayansi, na kwenye filamu ya mwaka 1936 iitwayo Things to Come. Vazi hilo halikuuzwa dukani, wala hapakuwa na ruwaza ya kufuata. Mtu alilazimika kuitazama picha bapa ya karatasini, kisha awaze kitambaa kitakavyokaa begani, kitakavyoanguka mgongoni, na mvaaji atakavyopanda nacho ngazi.

Mashabiki walimwita Morojo. Jina hilo lilitokana na herufi zitamkwavyo katika Kiesperanto, lugha iliyotungwa ili mataifa yaelewane, ambamo kila konsonanti hupewa o mwishoni: mo, ro, jo. Yeye na Ackerman walikipenda sana Kiesperanto. Kuanzia mwaka 1939 hadi 1947 walitoa pamoja jarida lililojaa barua za mashabiki. Nalipima jambo hilo sawa na mavazi, kwa kuwa watu waliotawanyika katika majimbo tofauti walipata humo mahali pa kubishana na kufahamiana.

Mwaka uliofuata, 1940, mkutano ulihamia Chicago na tayari wengine walikuja wamejipamba, hata pakawa na mashindano ya mavazi. Hata hivyo, kumwita Morojo wa kwanza kabisa duniani kunahitaji uangalifu. London ilishuhudia tamasha mwaka 1891, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, ambako watu walivaa kufuata riwaya ya Bulwer-Lytton, The Coming Race. Mwaka 1908 mume na mke wa Cincinnati walikwenda kwenye sherehe ya vinyago wakiwa wamevaa kama wahusika wa vibonzo vya gazetini. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba desturi ya mashabiki kujivika kwenye mikutano yao, hii iliyofika hadi Nairobi, ilianza na cherehani ya Morojo.

Wala hakuishia kwenye majoho. Mwaka 1941, kwenye mkutano wa Denver, alitokea na uso wa chura, kiumbe wa riwaya ya A. Merritt. Kinyago hicho alitengenezewa na kijana Ray Harryhausen, ambaye baadaye alisifika kwa madubwana yake ya kwenye filamu. Morojo alifariki Novemba 1964. Ackerman aliandika kumbukumbu ya marehemu, na humo akasema wazi kwamba vazi lile lililompa jina mwaka 1939 lilibuniwa na kushonwa na Morojo.