Ukija Jozani usiishie kwa kima, shuka na Pete uione mikoko

Watu wengi wanaokuja msitu wa Jozani hapa Unguja, wageni na sisi wenyeji, tena hasa skuli zinazoleta watoto kwa mabasi, wakishapiga picha na kima punju basi wanapanda gari wanaondoka. Inaniuma kweli, maana hapo karibu tu upande wa kijiji cha Pete kuna njia ya mbao imepita juu ya tope katikati ya mikoko, na yote ni hifadhi ile ile ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa tangu 2004, kilomita za mraba kama 50 hivi.

Kabla hujaja uliza maji. Muulize mvuvi yeyote atakwambia leo yanakupwa saa ngapi. Maji yakijaa utaona vijisamaki vinaingia kwenye mizizi kujificha na kula, changu wadogo, kamba, ndo maana mvuvi akikata mikoko anajikatia riziki yake ya mwakani. Yakikupwa ndo unaona kila kitu, na mimi ningekushauri uje siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanatoka mbali, ukae tu hapo masaa mawili bila haraka mpaka uyaone yanarudi.

Sasa miti yenyewe. Tunasema mikoko kama vile ni mti mmoja kumbe Tanzania tuna aina 10. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, imejipinda kutoka kwenye shina ikaingia topeni. Mlilana unapenda kusimama mbele kabisa kwenye maji, mafundi wa madau wanaujua vizuri kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Mkandaa gome lake lilikuwa rangi na dawa ya ngozi. Halafu kuna mchu, huu ndo naupenda zaidi, chini yake utaona vijiti vimetoka juu ya tope kama penseli mamia kwa mamia, ile ni mizizi inapumua kwa sababu ndani ya tope hakuna oksijeni, na ile harufu ya yai viza inatokana na hilo hilo, sio uchafu. Chumvi inayoingia mchu unaitoa kwenye majani, lamba jani utaisikia.

Chini kuna tondo, wale konokono wa topeni, na kaa wa kila rangi. Kaa wengine wanavuta majani yaliyoanguka wanayaingiza kwenye mashimo yao wanakula, na mashimo hayo yanapitisha hewa na maji mpaka kwenye mizizi, kwa hiyo kaa anamlisha mti na mti unamlisha kaa.

Na kima je? Nao wanafika mpaka kwenye mikoko wakala majani. Kima punju yupo Zanzibar tu, duniani hakuna pengine, na tumbo lake limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi sio ndizi mbivu wala biskuti, kwa hiyo jamani msimpe chakula, nawaomba sana. Anakula sana majani ya miembe na ya miti ya mikungu ambayo yana sumu inayozuia chakula kusagika, ndo akajifunza kuokota makaa ya wachoma mkaa akatafuna, makaa yanafyonza ile sumu. Zamani wakulima walimwita mnyama wa sumu, ati mti anaokula unakufa, si kweli. Simama mbali naye kidogo, kama mita 3, ukiwa na mafua usimsogelee kabisa maana mafua yetu yanampata. Na madereva, barabara inakata katikati ya msitu, kima wanavuka hawaangalii, matuta yale yamewekwa kwa ajili yao, punguzeni mwendo hata pasipo tuta.

Kitu kimoja cha mwisho watoto wanapenda kukifanya. Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mama yake, inaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, ikidondoka maji yakiwa yamekupwa inaweza kujichoma hapo hapo topeni, yakiwa yamejaa inaelea inakwenda zake mpaka ipate ufukwe. Wanaichuma wanapigana nayo kama upanga. Waonyesheni tu, wasichume, na mkiikuta ishasimama kwenye tope na majani mawili juu muipitie pembeni.