Ukomo wa maarifa: kwa nini akili mnemba huchelewa habari

Zamani jahazi likifika Unguja na kaskazi, watu walikwenda pwani kuuliza habari za Maskati. Nahodha aliwapa, wala hakusema uongo. Ila habari zake zilikuwa za siku aliyong'oa nanga. Yaliyotokea huko baadaye, yeye alikuwa majini.

Modeli ya akili mnemba, yaani programu inayojibu maswali kwa maandishi, iko vivyo hivyo. Hufundishwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa hadi tarehe fulani, kisha mkusanyo hufungwa. Tarehe hiyo ndiyo ukomo wa maarifa. Hapo hufuata miezi ya mafunzo na majaribio, kwa hiyo siku inapotolewa kwa watu tayari imeshachelewa. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, ukomo wake ulikuwa Septemba 2021.

Chukua Beit al-Ajaib, lile jumba la kale pale Forodhani, Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ilianguka, na mnara wa saa nao ukenda. GPT-3, modeli iliyoitangulia ChatGPT, ilitangazwa mwaka huohuo, lakini maandishi iliyosoma yaliishia 2019. Kwake yeye mnara bado umesimama, na angeweza kukusimulia saa ile kwa ufasaha uleule wa kumsimulia Sayyid Barghash aliyelijenga jumba. Hapo ndipo watu wanaponasa. Mtu asiyejua jambo hubabaika kidogo, ukamtambua, hii haibabaiki.

Tena ukomo wenyewe haukukatwa kwa kisu. Tukio huandikwa siku linapotokea, likaendelea kuandikwa miaka mingi baadaye, hivyo miezi ya mwisho kabla ya ukomo huwa na maandishi haba. Habari za Pemba, ambazo mtandaoni huandikwa kidogo hata wakati wa kawaida, ndizo zinazopungukiwa zaidi.

Siku hizi programu nyingi hupekua intaneti kabla ya kujibu. Hilo haliusogezi ukomo. Ni nahodha kusomewa gazeti la leo akishashuka. Ukitaka kujua kama amesomewa, tazama iwapo jibu limekuja na kiungo cha ukurasa, kisha ufungue uone tarehe yake.

Kichekesho ni kuwa swali linaloishinda modeli zaidi, isipopekua, ni lile la vijana wa barazani: "Modeli gani mpya imetoka?" Ilipokuwa ikisomeshwa, hata yenyewe ilikuwa bado haijatoka.