Kajenga Mchina, kalipa nani?

Ukitoka Tazara kwenda Ubungo kwa Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, ndani ya daladala hakosi mtu wa kusema, akionyesha barabara na madaraja: "Haya yote tumepewa."

Tuanze na Ubungo. Watu husema katujengea Mchina, na hawajakosea: mkandarasi wa ile barabara ya ghorofa tatu, Kijazi, iliyozinduliwa 2021, ni kampuni ya Kichina. Ila hela zilitoka Benki ya Dunia, na ni mkopo. Wenye macho waliona kofia ngumu na vijiko vya Wachina, wakahitimisha. Lakini fundi akikujengea nyumba husemi kakupa nyumba. Ameomba kazi, akaipata, akalipwa. Unafuu wa mkopo wa aina hii uko kwenye gharama ndogo na miaka mingi ya kulipa. Deni linabaki deni, na Mchina hatudai hata senti kwa Ubungo.

Basi yote ni mikopo? Hapana. Daraja la Mfugale, pale Tazara, lililofunguliwa 2018, kwa sehemu kubwa ni msaada hasa, wa Japani. Nao una taratibu zake: mkandarasi mkuu alikuwa kampuni ya Kijapani, kwa hiyo fungu kubwa la hela likarudi lilikotoka, sisi tukabaki na daraja. Mimi silalamiki, foleni ya pale naikumbuka. Tanzanite, lile la kule baharini, ni mkopo wa Korea Kusini.

Hatua chache kutoka Mfugale kuna stesheni ya TAZARA, na hapo ndipo wazee wanaposhikilia kwamba Mao alitupa reli bure. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilizojengwa 1970 hadi 1975, zilikuwa mkopo wa China usio na riba. Usio na riba, si usiolipwa.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: aliyeleta barabara ndiye atakayekuja kuziba mashimo. Wafadhili hupenda kukata utepe. Kwa matengenezo ya kila mwaka tunategemea Mfuko wa Barabara, ambao hujazwa hasa na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya mafuta. Dereva wa bodaboda anayeweka lita mbili asubuhi, huku akilaani mashimo ya mtaani kwake, ameshachangia kabla hajafunga kifuniko cha tangi.